Jackie Robinson, Bingwa wa Mbio, na Ugonjwa wa Sukari

Bwana Mhariri ameniomba niwaandikie wanafunzi wa sasa, na wenzangu wa zamani, habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri. Nimemchagua Bwana Jackie Robinson wa Marekani kwa sababu tatu. Kwanza, alikuwa mchezaji hodari mno, na shule yetu hupenda michezo. Pili, aliwasaidia vijana wa Afrika ya Mashariki kwenda kusoma ng'ambo wakati nafasi za masomo ya juu zilipokuwa chache sana kwetu. Tatu, alikufa mapema, umri wake miaka 53 tu, kwa ugonjwa wa moyo uliofuata nyuma ya kisukari. Sababu hii ya tatu inanigusa mwenyewe, kwa kuwa mimi nami nina kisukari, na daktari wangu huniambia kila mara kwamba anayenitibu sukari bila kuutazama moyo wangu amefanya nusu ya kazi. Nilipotaka kujua maana ya maneno hayo, maisha ya bwana huyu yalinifundisha mengi.

UTOTO WAKE

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 karibu na mji mdogo uitwao Cairo, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi maskini, waliolima shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenyewe. Walikuwa na watoto watano, na Jackie ndiye kitinda mimba. Baba yao aliwaacha kabla kitinda mimba huyo hajaweza kumjua.

Mama yao, Bibi Mallie, hakukaa kulia. Mwaka 1920 aliwachukua watoto wake wote, wakapanda treni, wakavuka nchi nzima mpaka Pasadena, California. Huko alifanya kazi ya kufua na kupika katika nyumba za watu, na kwa fedha hizo akawalea. Mtaa waliohamia ulikuwa wa Wazungu, na majirani wengi hawakuwataka. Mama hakuhama. Nadhani ndipo mtoto alipojifunza kusimama mahali pake.

Nyumba ile ilikuwa na damu ya michezo. Kaka yake mmoja, Mack, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, akiwa wa pili nyuma ya Jesse Owens. Jackie naye alipoingia Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles alicheza michezo minne: besiboli, mpira wa kikapu, mpira wa Kimarekani, na riadha. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa kuruka umbali katika vyuo vyote vya Marekani. Mwaka 1941 aliondoka chuoni kabla ya kumaliza, ili atafute kazi amsaidie mama yake.

Mwaka 1942 aliitwa jeshini, na mwaka uliofuata akawa luteni. Mwezi wa Julai 1944, huko Texas, dereva wa basi la jeshi alimwamuru aende kukaa nyuma kwa sababu ya rangi yake. Alikataa. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, lakini mahakama ikaona hana hatia, akaachwa huru.

KAZI YAKE YA MPIRA

Wasomaji wengi hawajapata kuona besiboli. Ni jamaa ya kriketi: mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo mpaka arudi alipoanzia. Mchezaji mwenye akili na mbio aweza pia kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele wakati wenzake wa upande wa pili hawajawa tayari. Katika hili Bwana Robinson hakuwa na mfano. Mara 19 katika maisha yake ya ligi kuu aliiba kituo cha mwisho, jambo ambalo wachezaji wengi hawathubutu hata mara moja.

Lakini zamani zile ligi kuu ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwa muda wa miaka kama 60 hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kucheza ndani yake. Mwaka 1945 mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers, Bwana Branch Rickey, alimwita Robinson. Alimwambia anatafuta mtu hodari wa mpira ambaye pia aweza kutukanwa asijibu, na kupigwa asirudishe, mpaka mlango uwe umefunguka. Robinson alikubali. Mwezi wa Februari 1946 alimwoa Bibi Rachel, ambaye alisimama naye katika taabu zote, na tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani Brooklyn.

Mwaka ule ulikuwa mzito. Alipata barua za kutishiwa kuuawa. Watupaji walimlenga mpira mwilini kusudi, na watazamaji walimzomea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la shule. Hakujibu kwa mdomo, alijibu kwa mchezo. Mwisho wa mwaka alipewa tuzo ya mchezaji mpya bora. Mwaka 1949, alipokuwa ameruhusiwa kusema na kujitetea, alikuwa mchezaji bora wa ligi yake, akiiba vituo 37. Mwaka 1955 timu yake ilichukua ubingwa wa nchi nzima. Alicheza misimu kumi, akapumzika mwanzoni mwa mwaka 1957.

Msomaji, kumbuka sasa kwamba mtu huyu hakuwa mvivu, wala mlevi, wala mvuta sigara. Mwili wake ulikuwa umefanya kazi tangu utoto.

UGONJWA UNAINGIA

Mwaka ule ule wa 1957 madaktari walimkuta ana kisukari. Umri wake ulikuwa miaka 38. Alianza kujidunga sindano za insulini, dawa iliyopatikana Toronto, Canada, mwaka 1921, na kupewa mgonjwa wa kwanza mwezi wa Januari 1922. Kabla ya dawa hiyo, watoto wenye kisukari walikufa upesi. Baada yake, wagonjwa waliishi miaka mingi, na hapo madaktari wakaanza kuona jambo lingine: aliyeokoka sukari yenyewe alifuatwa polepole na magonjwa ya mishipa ya damu.

Bwana Robinson hakujilaza kitandani. Alipata kazi kubwa katika kampuni moja ya maduka ya kahawa mjini New York. Aliandika katika magazeti, alikusanya fedha za kuwasaidia waliokuwa wakidai haki za watu weusi, na mwaka 1963 alikwenda Washington na watoto wake katika maandamano makubwa. Mwaka 1962 jina lake lilitiwa katika Jumba la Heshima la besiboli, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuingizwa humo.

MSAADA WAKE KWA VIJANA WETU

Hapa ndipo maisha yake yanapogusana na yetu. Mwaka 1959 Bwana Tom Mboya wa Kenya alikwenda Marekani kuwatafutia vijana nafasi za masomo. Vyuo vingi vilikubali kuwapokea, lakini vijana hawakuwa na nauli. Bwana Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mcheza sinema Sidney Poitier, walitia majina yao katika barua ya kuwaomba Wamarekani fedha za kukodi ndege. Watu wakachanga. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 kutoka Kenya walishuka New York. Miaka iliyofuata walikwenda wengine mamia, wala si wa Kenya peke yake, na wengi wao walirudi wakawa walimu, madaktari na wakuu wa serikali katika nchi mpya zilizopata uhuru. Alipofanya hayo, alikuwa na kisukari kwa miaka miwili tayari.

JINSI SUKARI INAVYOHARIBU MISHIPA YA MOYO

Sasa nitaeleza kwa maneno rahisi yale niliyofundishwa, ili mwanafunzi wa kidato cha kwanza aelewe.

Moyo husukuma damu kwenda mwili mzima, ukipiga kama mara 100,000 kwa siku. Lakini moyo wenyewe ni nyama, nao unahitaji damu yake. Damu hiyo huletwa na mishipa miwili, wa kulia na wa kushoto, inayoota mwanzoni mwa mshipa mkubwa utokao moyoni. Mishipa hii huuzunguka moyo kama taji kichwani mwa mfalme, na matawi yake huingia ndani ya nyama. Ni myembamba kuliko mrija wa kunywea soda. Mshipa mmojawapo ukiziba, sehemu ya moyo inayoutegemea inakosa chakula na hewa, na baada ya muda mfupi inaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Ndani ya mshipa mna utando laini sana, ambao kazi yake ni kuiacha damu ipite bila kukwama, na kuuambia mshipa upanuke au ujikaze. Sukari inapozidi katika damu mwaka baada ya mwaka, utando huu huchakaa. Sukari hujibandika kwenye protini za mwili na kuzigeuza, mshipa ukakakamaa, usiweze tena kupanuka vizuri. Penye utando uliochakaa mafuta ya damu, yaitwayo kolesteroli, hupata mlango wa kuingia katika ukuta wa mshipa. Askari wa mwili huja kuyala mafuta hayo, wakashiba, wakafia humo humo, na hivyo linafanyika vimbe la mafuta linaloibana njia ya damu.

Kisukari huongeza mambo mengine juu ya hayo. Mara nyingi mafuta mabaya ya damu huongezeka, na mafuta mema yanayosaidia kuisafisha mishipa hupungua. Shinikizo la damu mara nyingi hupanda pia, likizidi kuigonga mishipa iliyokwisha umia. Tena zile chembe ndogo zinazogandisha damu tunapojikata huwa nyepesi mno kushikamana. Siku vimbe la mafuta linapopasuka ndani ya mshipa, chembe hizo hulikimbilia kana kwamba ni jeraha, damu ikaganda hapo, njia ikafungwa.

Kuna tofauti moja ambayo daktari alinichorea kwenye karatasi. Kwa mtu asiye na kisukari, mara nyingi pana pahali pamoja au pawili palipobana, kama barabara iliyoangukiwa na mti mmoja. Kwa mwenye kisukari, mishipa mingi huwa imebana pamoja, tena kwa urefu, hata kwenye matawi madogo ya mwisho. Hiyo ni barabara iliyoharibika kutoka mjini hadi kijijini. Kuitengeneza ni kazi kubwa zaidi. Ndiyo sababu mwenye kisukari ana hatari ya kupata ugonjwa wa moyo mara mbili hadi nne kuliko mwenzake wa umri ule ule asiye nacho. Tena wanawake, ambao kwa kawaida mioyo yao huchelewa kuugua kuliko ya wanaume, hupoteza sehemu kubwa ya kinga hiyo wakipata kisukari. Mama zetu na dada zetu wasidhani hili ni jambo la wanaume tu.

Na la kutisha kuliko yote ni hili. Sukari huziharibu pia neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari za maumivu. Mtu wa kawaida moyo wake ukikosa damu husikia kifua kinabanwa kama na jiwe, akaogopa, akaenda hospitali. Mwenye kisukari aweza asisikie maumivu yo yote. Huona uchovu usio na sababu, au pumzi fupi akipanda ngazi, au jasho jingi na kichefuchefu, akasema ni uzee au chakula kibaya. Wako watu waliopata mshtuko wa moyo wasijue, ukagunduliwa baadaye kwa mashine inayochora mapigo ya moyo.

MWISHO WAKE

Tukirudi kwa Bwana Robinson, tutaona njia hiyo yote katika mwili wake. Mwaka 1968 alipata mshtuko wa moyo. Mwaka huo huo mama yake, Bibi Mallie, alifariki. Macho yake yalianza kufifia, kwa maana mishipa myembamba iliyo nyuma ya jicho huharibiwa na sukari kama ile ya moyo. Miguu iliyoiba vituo mbele ya maelfu ya watu ikawa inauma akitembea, kwa kukosa damu ya kutosha. Juu ya hayo, mwezi wa Juni 1971 mtoto wake wa kwanza, Jackie mdogo, alikufa katika ajali ya gari.

Tarehe 15 Oktoba 1972 aliitwa mjini Cincinnati, kwenye fainali ya ubingwa, kuheshimiwa kwa kutimiza miaka 25 tangu alipofungua mlango ule. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, naye alikuwa karibu kipofu. Hata hivyo alisimama mbele ya watu akasema kwamba hatafurahi kweli mpaka amwone mtu mweusi akiwa mwalimu mkuu wa timu. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba 1972, moyo wake ulisimama nyumbani kwake Stamford, Connecticut. Mwalimu mkuu mweusi wa kwanza katika ligi kuu, Bwana Frank Robinson, ambaye hakuwa ndugu yake, alianza kazi mwaka 1975.

Mwaka 1997 ligi nzima iliamua kwamba namba yake ya jezi, 42, isipewe tena mchezaji mpya wa timu yo yote. Mtoto wake mwingine, David, alihamia Tanzania, akawa mkulima wa kahawa.

YALIYOBADILIKA TANGU SIKU ZAKE

Haifai kumlaumu marehemu wala madaktari wake, kwa kuwa vyombo tulivyo navyo leo wao hawakuwa navyo. Mwaka 1957 mgonjwa hakuweza kujipima sukari ya damu nyumbani. Alipima mkojo tu, nao huchelewa kusema kweli. Leo mimi natoboa kidole asubuhi na kupata jibu kabla chai haijapoa. Pia kuna kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa muda wa miezi miwili au mitatu iliyopita, hata mtu asiweze kumdanganya daktari kwa kufunga siku moja kabla ya kwenda kliniki. Dawa za statini, zinazopunguza kolesteroli, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1987. Na tangu mwaka 2015 imeonekana kwamba baadhi ya dawa mpya za kisukari huulinda na moyo pia.

Operesheni ya kuchukua mshipa wa mguuni au kifuani na kuushona kwenye moyo, ili damu ipite kando ya mahali palipoziba, ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Bwana Robinson amekwisha kuugua. Siku hizi kuna njia nyingine isiyohitaji kupasua kifua, ya kupitisha kijibomba cha waya ndani ya mshipa na kuupanua. Watu hupenda njia hii kwa kuwa ni nyepesi. Lakini mwaka 2012 matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 1,900 wenye kisukari, ambao mishipa yao kadhaa ya moyo ilikuwa imebana, yalitangazwa. Katika muda wa miaka mitano, kati ya kila 100 waliotiwa vijibomba, kama 27 walikufa au kupata mshtuko wa moyo au kiharusi. Kati ya kila 100 waliopasuliwa, walikuwa kama 19. Sababu ni ile barabara niliyoieleza. Kijibomba hutengeneza shimo moja, lakini mshipa mpya huipita sehemu mbovu yote.

FAIDA YETU

Nimeandika habari hizi kwa ajili ya watu wa aina mbili. Ninyi wanafunzi mnaokimbia uwanjani kila jioni, msidhani kwamba nguvu za leo ni hati ya kudumu. Mwili wa Bwana Robinson ulikuwa na nguvu kupita yetu sote, na ugonjwa ulimkuta. Uliza nyumbani kama baba, mama, babu au bibi ana kisukari, kwa maana mara nyingi hupita katika ukoo. Soda mbili kila siku na chai yenye vijiko vinne vya sukari si alama ya maendeleo.

Ninyi wenzangu wa zamani, mliocheza mpira nami na sasa mmekalia viti vya ofisi, mashati yamekuwa mafupi kwa mbele. Nendeni mkapime sukari, shinikizo la damu na kolesteroli, hata kama hamsikii lo lote. Ugonjwa huu waweza kukaa na mtu miaka mingi bila kubisha hodi. Aliye nao na aombe moyo wake upimwe, na macho, na miguu. Aliye nao akachoka ghafula, au pumzi ikamkatika, au jasho likamtoka bila kazi, asingoje kifua kiume ndipo aende hospitali. Posho, matoke na wali si haramu, bali tule kwa kiasi, na mboga ziwe nyingi. Sigara ni adui wa mishipa kwa kila mtu, na kwa mwenye kisukari ni adui mara mbili. Kutembea kwa miguu nusu saa kila siku hakuhitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa mishipa ya moyo hauonekani kwa macho, kwa hiyo lazima tuutafute kwa vipimo. Bwana Robinson alipoingia uwanjani mwaka 1947 alikwenda akijua hatari iliyo mbele yake, ndiyo maana aliweza kuishinda. Hatari iliyomwua ilikuwa ndani, nayo ilitembea polepole kwa miaka 15. Sisi tumepata bahati ya kuijua njia yake. Ningependa katika mkutano wetu ujao wa wanafunzi wa zamani nione viti vichache vitupu kuliko mwaka uliopita.

Mwanafunzi wa Zamani